Mkate wa Shabani

Kwako Tatu, mwanangu,

Naandika jua bado liko juu ya bati la jirani, na wewe uko Mgeta kumuaga mama yako. Jioni utashuka na lori la mboga, utakuta sanduku lako nimeshalifunga kamba. Barua hii nimeitia ndani, chini kabisa, katikati ya zile kanga mbili mpya, mahali ambapo hutaiona mpaka ufike chuoni na kupanga vitu vyako. Nimefanya hivyo kwa woga. Nakuambia mapema usije ukadhani baba yako amepata ujasiri uzeeni.

Mambo ya kutunza nauli, kusali, kuchagua marafiki, mama yako atakuwa amekwambia yote, tena kwa maneno mazuri kuliko yangu. Mimi nataka kukuandikia habari za mkate.

Najua umeshakunja uso. Tangu tulipomzika mdogo wako Shabani hujatia mkate mdomoni. Miaka saba nakuona asubuhi unakunywa chai na kiporo cha ugali, na mkate wa baba yako uko mezani, wa moto, watu wanatoka mtaa wa tatu kuufuata. Moyoni nilikuwa nasema, huyu mtoto ananikomoa. Kuna siku nilitaka kukuuliza, nikaogopa jibu, nikajifanya nina haraka na tanuri.

Nianze nyuma kidogo, maana ulikuwa mdogo. Unakumbuka nilifanya kazi Mazimbu, jikoni kwa wakimbizi wa Afrika Kusini, walipokuwa na shule yao pale kabla hapajawa chuo kikuu. Nilikuwa mkanda unga. Mwokaji mkubwa alikuwa mzee wa kwao, mfupi, mkali, lakini asiye na choyo na ujuzi wake. Siku moja uliletwa unga mlegevu, mikate ikalala kwenye trei kama chapati. Mzee yule akachukua donge la unga uliokwisha kandwa, akalizamisha kwenye beseni la maji, akalifinya. Maji yakawa meupe kama tui. Akayamwaga, akatia mengine, akafinya tena, akamwaga tena, mpaka maji yakawa yanatoka safi. Mkononi kikabaki kitu cha kijivu, kinavutika na kurudi.

"Rajabu," akaniambia, "hii ndiyo nyama ya ngano. Iliyokwenda na maji ni wanga mtupu."

Nikacheka. Nikamwambia kwetu milimani tulipokuwa watoto tulitegea ndege kwa kitu kama hicho, tulikiita ulimbo. Basi jikoni pote jina likawa hilo. Hata ule uliokuja umeshakaushwa na kusagwa, kwenye mifuko kutoka nje, nao tuliuita ulimbo. Vijiko viwili tu ukichanganya na unga dhaifu, mkate unasimama.

Halafu nchi yao ikafunguka wakarudi kwao. Siku za kufunga mizigo waligawa vitu, na kila mfanyakazi aliulizwa anataka nini. Wenzangu walichukua magodoro na masufuria. Mimi niliomba mfuko wa ulimbo uliokuwa umebaki stoo. Mama yako aliponiona naingia nao begani alicheka mpaka akakaa chini. "Wenzio wamekuja na magodoro, wewe umekuja na gundi!" Sisahau kicheko kile, maana baada ya pale hakikukaa sana kabla ya kukatika.

Kazi imekwisha, lakini mimi nilikuwa nimeona mbali, au ndivyo nilivyojiambia. Ndiyo kwanza kila kitu kilikuwa ruksa. Foleni za unga zimekufa, maduka yamejaa unga wa kila nembo, mifuko yenye maandishi tusiyoweza kuyasoma, unga mweupe unaopendeza macho na hauna nguvu hata chembe. Kila aliyejaribu kuoka nyumbani alitoa tofali. Mimi nikajenga tanuri la udongo uani, nikautia ule unga ulimbo wangu, na mkate ukainuka mpaka ukapita ukingo wa kopo. Mfuko ulipokwisha, sikubabaika. Nikaanza kuosha unga mwenyewe kwenye beseni kama mzee yule, na wewe ukawa unanimiminia maji. Watu wakaniita Baba Mkate. Nami nikaumuka, Tatu. Nisikufiche, niliumuka kuliko huo mkate.

Na mtu mwenye jina hilo alikuwa na mtoto mwenye tumbo kama ngoma na miguu kama vijiti.

Hukuwa ukisikia waliyokuwa wakiyasema watu dirishani nilipowafungia mikate, au labda ulisikia. "Baba Mkate, huyu mwanao ana kwashakoo?" Eti kwa sauti ya kuhurumia. Unajua maana yake kwa mwanamume kuambiwa mwanawe ana kwashakoo? Maana yake humlishi. Na mimi ndiye niliyekuwa nalisha mtaa mzima! Shabani alikuwa akiharisha wiki mbili, anapata nafuu siku tatu, anaanza tena. Hakui. Nguo zako ulizovaa ukiwa na miaka mitatu yeye alivaa akiwa na mitano. Kila zahanati tuliambiwa apewe chakula cha kujenga mwili, na mimi nikakumbuka maneno ya mzee wa Mazimbu. Nyama ya ngano. Nikasema dawa ninayo mkononi mwangu, natafuta nini kwingine?

Ndipo nikaanza ule mkate wake. Unalikumbuka lile kopo dogo la siagi. Mikate ya kuuza niliitia ulimbo kidogo, lakini wa Shabani niliutia donge zima, karibu nusu ulimbo nusu unga. Ulikuwa mgumu kutafuna, unavutika kama mpira, na mimi nikiuona unavyovutika nafurahi. Niliukanda peke yake, mwisho, mikono yote miwili. Hakuna kitu nilichokifanya duniani kwa upendo kama kile. Hilo nataka ulijue, ingawa halinisaidii kitu.

Mtoto alikuwa akiusukuma. Anasema, "Baba, mkate unaniuma." Mimi namwambia mkate hauumi, kinachouma ni njaa. Nilijiona nimesema neno la maana sana.

Mama yako ndiye aliyechoka kwanza. Akambeba Shabani akampandisha kwao Mgeta, kwa mjomba wenu, bila kuniuliza. Kwa desturi hakukosea, nyinyi ni watoto wa ukoo wao na mjomba ndiye mwenye neno. Mimi nami ni Mluguru, nalijua hilo tangu nikiwa tumboni. Lakini nilikuwa nimekaa mjini, nimejifunza kusema "mwanangu" kama watu wa makabila mengine wanavyosema, nikakasirika.

Alikaa huko miezi mitatu. Nilipopanda kumwona, sikumjua. Wallahi, Tatu, nilimpita njiani. Alikuwa akikimbia kwenye matuta ya kabichi na watoto wengine, mashavu yamejaa, tumbo limerudi. Nilimwuliza mjomba wenu wamempa nini. Akasema, "Ugali, njegere, viazi, magimbi. Tunachokula sisi." Kule juu mkate ulikuwa kitu cha Idi. Shabani akaja akanishika kidole, akaniambia, "Baba, huku tumbo linalala."

Mtoto wa miaka sita aliniambia hivyo kwa kinywa chake. Maneno manne! Na mimi nikayasikia, nikayaelewa visivyo. Nilielewa kwamba mwanangu amepona na sasa ni wakati wa kumrudisha nyumbani ale vizuri. Ugali na magimbi, kwa mtoto wa Baba Mkate! Niliona aibu.

Mjomba wenu alinikatalia uso kwa uso. "Mwache, shemeji. Mtoto amepakubali huku." Nikamjibu kwamba anamtaka mwanangu aje kumlimia. Nilimwambia mbele ya mama yake mzazi na majirani. Yule mtu alinyanyuka akaenda kumfungia Shabani njegere kwenye kitambaa, akatusindikiza mpaka lilipo lori. Tulishuka tumekaa juu ya matenga ya kabichi, mtoto mapajani kwangu, nikimwahidi mkate wake wa kopo.

Kilichofuata unakijua, lakini unakijua kwa upande wako. Ngoja nikupe upande wangu, ingawa ni mbaya zaidi.

Baada ya wiki chache tumbo likarudi vilevile. Nikaongeza ulimbo. Halafu ikaja kama nusu mwezi hivi akachangamka tena, nikasema, aah, dawa inafanya kazi. Asubuhi moja nikatoka uani ghafla nikakukuta nyuma ya tanuri, mdomo umejaa, mkononi mwako kipande cha mkate wa kopo. Shabani amekaa pembeni yako anakula kiporo chako cha ugali, anacheka.

Sikukuuliza. Nilichukua ule mpini wa koleo la kutolea mikate. Nilikupiga mpaka majirani wakaingia, na walipoingia nikaendelea, nikipiga kelele wasikie wote, "Anamla mdogo wake! Mtoto mgonjwa, anamnyang'anya chakula!" Nilikuita fisi. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulisema mara moja tu, "Baba, yeye ndiye aliyeniomba," na Shabani alikuwa amening'ang'ania mguu akisema hivyo hivyo, na mimi nilidhani umemfundisha.

Ulikuwa unaula ule mkate wenye ladha ya raba kila siku, na ugali wako unampa yeye. Hukuupenda hata kidogo, sasa ndiyo naona. Ulikuwa umegundua, wewe peke yako, bila shule ya uuguzi, kwamba asipoula tumbo lake linalala.

Kuanzia siku ile alikula mbele yangu. Nilikaa naye mpaka anameza.

Alipokufa, kwenye matanga, watu wamejaa hapa uani na mjomba wenu amekaa kwenye mkeka, mtu mmoja aliniuliza mtoto alikuwa anasumbuliwa na nini. Nikasema, na sauti yangu unaijua ilivyo, "Muulizeni dada yake. Chakula cha mgonjwa alikuwa anakula yeye." Uliinua kichwa ukaniangalia. Hukulia. Mama yako aliliona jicho lile, na nadhani hapo ndipo aliponiacha. Arobaini ilipopita alipanda mlima. Hapakuwa na talaka wala ugomvi, alisema tu shamba la kwao halina mtu. Wewe ulibaki kwa sababu ya shule, ukanipikia, ukanifulia, ukaniamkia shikamoo kila asubuhi miaka saba, na hukunijibu vibaya hata siku moja. Ningefurahi kama ungenijibu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Huu ni mwaka wa nne tangu nilipojua. Alikuja daktari mmoja mwanamke, mgeni hapa mjini, akawa ananunua mkate kwangu. Siku moja akaniuliza unga huu hafifu unawezaje kuinuka vile. Nikamwonyesha beseni, nikamfinyia donge mbele yake, najisifu kama kawaida yangu. Akasema, "Kumbe gluteni. Unajua kuna watoto ambao hii ndiyo sumu yao?" Alisema wako wachache sana, wanazaliwa hivyo, ngano ikiingia inawachubua tumbo kwa ndani, chakula kinapita tu. Akataja dalili. Alizitaja moja baada ya nyingine kana kwamba Shabani alikuwa amesimama mbele yake na yeye anamsoma. Mikono yangu ilikuwa bado ndani ya maji.

Nikamwambia nilikuwa na mtoto wa namna hiyo. Akashtuka, akasema labda, hatuwezi kujua sasa, labda ilikuwa kitu kingine. Alisema labda mara nyingi, alikuwa mtu mwema. Kisha akaniuliza, "Je, kuna wakati aliacha ngano akapata nafuu?"

Nikamwambia hapana.

Miezi mitatu ya Mgeta niliimeza pale pale. Na ile nusu mwezi ya nyuma ya tanuri, wakati ulipokuwa unakula wewe, nayo niliimeza. Kama ningesema ndiyo, ile "labda" yake ingekufa, na mimi nilikuwa naishi kwa "labda" hiyo.

Jioni ile ulirudi kutoka shule, ukaniamkia, ukaniuliza mbona sijawasha tanuri. Nilikuwa na neno lako mdomoni, Tatu. Neno la kukwambia hukumuua mdogo wako. Nikakwambia kuni zimelowa. Kesho yake nikasema moyoni, afanye mtihani kwanza. Baada ya mtihani nikasema mbona anaonekana amesahau, ya nini kumtonesha. Miaka minne nimekuacha ubebe mzigo wangu na mimi natembea mikono mitupu, naendelea kuosha ngano, naendelea kuitwa Baba Mkate. Hapo ndipo ninapojichukia. La mwanzo lilikuwa ujinga, hata Mungu huenda akalitazama kwa huruma. Hili la pili nililifanya nikiwa najua.

Unakwenda kusomea uuguzi. Wakati unajaza fomu nilidhani umechagua kwa sababu ya hatia, nikaona vibaya, lakini sikufungua mdomo. Ukishavaa sare watakuja akina baba kama mimi, wenye kelele na wenye uhakika, na nyuma yao mtoto atasema kitu kidogo ambacho hakuna anayekisikia. Sina la kukufundisha hapo. Ulikuwa unakisikia tangu ukiwa na miaka kumi na miwili.

Ijumaa baada ya sala nataka nipande Mgeta. Nataka niseme mbele ya mjomba wenu na mama yako na wale wote waliokuwa kwenye matanga, kwa sauti ile ile. Nataka, nimesema. Najijua. Huenda nikafika kituo cha malori nikaona mvua, nikarudi. Nikishindwa, barua unayo wewe, yenye mwandiko wangu. Wasomee. Isome yote, usiniondolee neno hata moja kwa heshima.

Msamaha siuombi. Ningeomba, ungenipa, kwa adabu, kama unavyonipa shikamoo, na mimi ningeumuka tena.

Kuna jambo moja nimeliruka huko juu. Nimelipita makusudi nikitumaini karatasi itakwisha, haikuisha.

Ile wiki ya mwisho alipolazwa, nilikukataza kuja hospitali. Nilimwambia mama yako, Tatu asikanyage wodini, atamlia chakula chake. Kila asubuhi nilimpelekea mkate wa kopo, nikamchovyea kwenye chai, nikamtia mdomoni. Asubuhi ile ya mwisho hakuwa na nguvu ya kuusukuma. Alitafuna polepole, na macho yake yalikuwa mlangoni. Kila mlango ukifunguliwa anageuza shingo. Nikadhani anaogopa usije ukamnyang'anya, nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi baba, dada haji." Akaacha kuangalia mlango. Akafungua mdomo, akala chote nilichompa.

Alikuwa anakusubiri wewe uje umsaidie kuula, mwanangu, na mimi ndiye niliyemwambia huji.

Baba yako,
Rajabu